Udongo wa Nakivale juu ya amerikani

Mhariri aliomba mtu aandike juu ya kitu alichotengeneza nyumbani na watoto wadogo, kitu cha mikono kisichokula hela. Mimi ni fundi cherehani, kalamu sijaizoea kama sindano, lakini nimeona nijaribu. Januari 2025 tulitengeneza zawadi ya kupaka rangi, mimi na watoto wangu watatu, na kwa ajili ya zawadi hiyo tulitembea Nakivale hii kuanzia barabarani hadi ziwani kama wageni waliokuja kuangalia nchi. Ndiyo safari ninayotaka kuwasimulia, pamoja na namna ya kuzipika hizo rangi, maana najua kuna wazazi watakaouliza.

Gazeti letu linafika hata kwa ndugu walio kambi nyingine, kwa hiyo niwaonyeshe kidogo mahali penyewe. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, upande unaoelekea mpaka wa Tanzania. Serikali ya hapa haiiti kambi, inaiita makazi, kwa sababu familia hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, ijapokuwa vipande vinapungua kadiri watu wanavyoongezeka. Ni ya zamani sana. Wa kwanza kuletwa hapa walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959, wakati wengi wetu hata wazazi wetu walikuwa watoto. Leo ukitembea saa moja tu unapita katikati ya Kiswahili cha Uvira na cha Goma, Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali, Kiamhari, na wenyeji wanaongea Runyankore yao na ng'ombe wao wa pembe ndefu. Chini huko liko ziwa, limezungukwa na mafunjo, na viboko wamo. Maji tunayokunywa yanatoka humo humo, yanasafishwa kwanza ndipo yaje bombani.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, ni mama mmoja wa Uvira. Sisi sote tunamwita Mama Mapasa, kwa sababu ana mapasa, wale ambao wengine wanaita mapacha: msichana na mvulana wa miaka sita wakati ule. Wamezaliwa hapa hapa. Wangu wa katikati alizaliwa wiki tatu baada yao, kwa hiyo hao watatu wamekulia kwenye mkeka mmoja, wameugua surua pamoja, na ukiita mmoja wanakuja wote.

Faili la familia hiyo lilichukua miaka. Mahojiano, kupimwa afya, mahojiano tena, kupimwa tena kwa sababu vipimo vya kwanza vilipitwa na muda. Desemba 2024 wakapata tarehe: wiki ya kwanza ya Februari watapelekwa Kampala, kisha Entebbe, kisha Marekani. Mji watakaokwenda walitajiwa, na Mama Mapasa akawa anautamka kila siku kwa namna yake nyingine. Baba Mapasa akauza pikipiki yake ya boda. Mbuzi wawili wakauzwa, vitanda vikaahidiwa watu.

Jioni moja mkubwa wangu, msichana wa miaka minane, akaniuliza nikiwa kwenye mashine, "Papa, tutawapatia nini mapasa?" Nikamwambia nitawashonea mashati mazuri, mawili sawasawa. Akaangalia chini. Halafu akasema, "Hiyo ni zawadi yako wewe. Yetu je?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake tukaanza kutafuta.

Safari ya kwanza ilikuwa fupi, hatua mia mbili tu, mpaka kwa mama mzee mmoja Mnyarwanda anayeishi nyuma ya bomba. Tunamwita Nyogokuru, yaani bibi. Ukutani kwake kuna ubao wenye mistari ya mwinuko, myeusi na myeupe na myekundu, inayopinda kama njia ya siafu. Watoto walikuwa wameuona mara nyingi bila kuuliza. Siku hiyo wakauliza, na Nyogokuru akawaambia, "Hiyo ni imigongo. Imetengenezwa kwa kinyesi cha ng'ombe." Jamani, walicheka mpaka wakakaa chini.

Lakini ndivyo ilivyo. Kazi hiyo inatoka Gisaka, mashariki mwa Rwanda, sehemu za Nyarubuye, na wenyewe wanasimulia kwamba aliyeianzisha ni mwana wa mfalme aitwaye Kakira, karne ya 18. Zamani ilikuwa pambo la kuta za ndani ya nyumba. Kinyesi kinachanganywa na majivu, yanayoondoa harufu na vijidudu, kisha kinajengwa kwa vidole kuwa mistari ya mwinuko. Kikikauka kinapakwa rangi. Nyeupe ni udongo ambao Wanyarwanda na Warundi wanauita ingwa. Nyekundu ni udongo pia. Nyeusi ndiyo yenye kazi: majivu ya maganda ya ndizi, utomvu wa shubiri, na matunda ya mtunguja ambao wao wanauita intobo. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 kazi hiyo ilikaribia kupotea, akina mama wa huko wakaifufua, wakaanza kuitengeneza juu ya mbao ili iweze kuuzwa.

Basi watoto wangu wakaamua: imigongo mbili, moja ya kila pasa. Kwetu mapasa huwezi kumpa mmoja ukamnyima mwenzake, utakuwa umejitafutia maneno. Jioni tukarudi nyumbani na ndoo ya mali ya ng'ombe, tumefurahi kabisa. Mke wangu akaitazama ndoo. Akatutazama sisi. Akauliza kwa upole, "Sasa hiyo, itapanda ndege?"

Nikamtafuta kijana mmoja anayefanya kazi ya ukalimani, amewasindikiza wengi. Akanieleza kwamba wanapofika Marekani mizigo inakaguliwa, na vitu kama mbegu, nyama, mimea, udongo wa kwenye mfuko na mavi ya mnyama vinachukuliwa na kutupwa. Tena begi lina mwisho wake, kilo 23, na ubao ni mzito. Picha kwenye kitambaa chepesi, akasema, hiyo haina tatizo. Nakutajia haya, msomaji, ili usije ukamwandalia mtu anayesafiri zawadi ya kwenda kutupwa uwanja wa ndege mbele ya macho ya mtoto.

Kitambaa! Na mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nacho juu ya kichwa changu, kwenye rafu: mita moja na kidogo ya amerikani.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo. Wengi tunasema amerikani, au merikani, kwa kitambaa kile cha pamba kisichopaushwa, bila kufikiri jina limetoka wapi. Limetoka huko huko. Karne ya 19, kuanzia miaka ya 1830, wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa wanaleta Zanzibar vitambaa vya viwanda vyao, wanarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Kutoka pwani wapagazi wakakibeba mpaka Ujiji, kikavuka Tanganyika na kufika upande wetu, na njiani kilitumika kama fedha: unalipa chakula kwa mikono kadhaa ya amerikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakata usafirishaji na wengine wakachukua soko, lakini jina likabaki. Nilipowaeleza watoto, mkubwa akasema, "Kwa hiyo kitambaa kinarudi kwao." Eti kinarudi kwao. Nikacheka peke yangu kwenye mashine mpaka mteja akaniuliza kuna nini.

Jumamosi ndiyo tulitembea kutafuta rangi. Mkubwa alibeba makopo, wa katikati alibeba kijembe kidogo, mdogo, miaka mitatu na nusu, alibebwa yeye.

Nyekundu ni rahisi, Nakivale yote ni nyekundu. Lakini usichote katikati ya barabara, pale pana mafuta ya magari na mavi. Tulichota kwenye ukingo, pale tingatinga lilipokata kilima, juu kidogo, ambapo udongo ni laini na hakuna mawe. Vilevile kaa mbali na vyoo na mahali ng'ombe wanaponyunyiziwa dawa ya kupe.

Njano tuliipata mahali ambapo sikutegemea. Kijana mmoja Mrundi alikuwa anachimba shimo la choo kipya, amefika chini kupita kimo chake, na udongo anaoutupa juu ulikuwa wa njano kama viazi vilivyopikwa. Tukamwomba. Akauliza wa nini, tukamwambia. Akatuchagulia yeye mwenyewe wa chini kabisa, ulio safi, akaturushia kwa beleshi. Hata sasa akituona anauliza picha ilifika wapi.

Nyeupe tulinunua sokoni, vipande vya shilingi mia tano. Ni ule udongo ambao akina mama wajawazito wanaula: Watanzania wanauita pemba, Wakongomani wengi wanauita mabele. Mama muuzaji aliniangalia mimi, akaangalia tumbo langu, soko zima likacheka. (Kuhusu kuula, waulizeni wahudumu wa afya. Udongo wa namna hiyo mara nyingine unakuwa na risasi, ile metali, na hiyo si nzuri kwa mama wala kwa mimba.)

Nyeusi tulikuwa nayo nyumbani, chini ya sufuria. Nikadhani masizi yatafaa zaidi kwa kuwa ni laini. Yakatushinda. Masizi yana mafuta, ukitia maji yanaelea juu kama yanakucheka. Tukayaacha, tukasaga mkaa kwenye jiwe, ukakubali mara moja.

Jambo moja nisilipite haraka. Wengi wetu shuleni tuliona ubao ukipakwa weusi wa ndani ya betri za tochi. Usiwape watoto ule weusi, una kemikali, na wao vidole viko mdomoni kila wakati. Vilevile mabaki ya rangi ya mafuta kwenye makopo ya zamani: rangi nyingi zilitiwa risasi, na wataalamu wa afya wanasema hakuna kiasi cha risasi kilicho salama kwa ubongo wa mtoto. Udongo na mkaa vinatosha.

Tatizo likawa la buluu. Wa katikati alitaka ziwa, na kwake ziwa ni buluu, ameliona hivyo kwenye kitabu. Nikamwambia udongo wa buluu hapa hatujauona. Akakataa. Akasema ziwani upo, chini ya maji. Basi tukateremka mpaka ziwani, mwendo mrefu, jua limewaka, mdogo analia. Tulipofika tukasimama mbali na mafunjo kwa ajili ya viboko, nikamwambia, "Haya baba, tazama mwenyewe. Ni rangi gani?" Akatazama sana. Akasema, "Kama chai ya maziwa." Kando kando palikuwa pa kijani, katikati chai ya maziwa, na mbali kabisa, chini ya vilima, kijivu kinachong'aa. Hakusema tena habari za buluu. Siku ya kupaka tukachanganya mkaa kidogo na nyeupe nyingi, na ajabu, kile kijivu juu ya kitambaa, kikiwa karibu na nyekundu, kinaonekana kama buluu. Mtu yeyote anaweza kujaribu ataona.

Sasa namna ya kutengeneza. Udongo unauanika juani mpaka ukauke kabisa, unautwanga, unauchekecha kwa kipande cha chandarua cha zamani. Ukitaka laini zaidi, koroga ndani ya maji, subiri kidogo mchanga ushuke, mimina yale maji ya rangi kwenye chombo kingine, acha yatulie usiku mzima. Asubuhi mwaga maji ya juu. Kile kinachobaki chini ni laini kama krimu.

Lakini udongo peke yake ukikauka unapukutika. Unahitaji kitu cha kuushika. Mara ya kwanza tulitumia uji wa unga wa muhogo, kama gundi ya kubandika bahasha. Kwenye karatasi ungefaa. Kwenye kitambaa ulipasuka kila tulipokikunja, na usiku mende wakaja kula pembeni. Ndipo Nyogokuru akatuambia tujaribu maziwa. Tukanunua kikombe kwa Mnyankole mmoja jirani, tukaacha mafuta yapande juu, tukayaengua, tukatumia maziwa ya chini. Udongo vijiko viwili, maziwa unaongeza polepole mpaka iwe kama uji wa mtoto mchanga. Nyeupe inakunywa maziwa mengi zaidi. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu ikilala inanuka. Na kitambaa kipya lazima ukifue kwanza kwa sabuni na maji ya moto, maana kinatoka kiwandani na wanga, rangi haiingii. Brashi hatukununua: kijiti kibichi kilichotafunwa kama mswaki kwa mistari, unyoya wa kuku kwa nyasi, kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo kwa sehemu kubwa. Yule mdogo brashi yake ilikuwa kiganja.

Ukishapaka, kausha juani siku nzima. Kinaweza kufutwa vumbi, lakini kufuliwa hapana. Hiyo lazima umwambie unayempa.

Nilitandika amerikani yote juu ya mkeka, nikafunga pembe kwa mawe, nikachukua chaki. Mimi ndiye mkubwa, nikaona nichore kwanza, wao wajaze rangi. Nikachora Tanganyika, ndefu, na juu yake milima ya Uvira jinsi inavyoshuka karibu kuingia majini, na mtumbwi wa wavuvi wenye taa. Nilichora vizuri, nasema kweli, machozi yalikuwa karibu. Nilifikiri mapasa wakiwa huko mbali, wawe na picha ya kwao.

Mkubwa wangu akauliza, "Papa, hapo ni wapi?"

Nikamwambia ni kwetu. Nyumbani.

Akasema, "Lakini mapasa hawapajui hapo."

Niliumia, sitaficha. Nikakaa kimya muda. Nikawaza kumweleza kwamba kwao ni kwao hata kama hujapaona, kama tulivyofundishwa sisi. Lakini zawadi haikuwa yangu, alishaniambia tangu mwanzo. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta chaki. Tanganyika yote nikaifuta. Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua maharage, hakusema neno.

Wakachora wao. Kwanza bomba. Halafu mstari wa jerikani, ndefu, za njano, kutoka bombani mpaka mwisho wa kitambaa, na kila jerikani wakaisema ni ya nani: hii ya Mama Mapasa ina kifuniko cha mfuko, hii ya Wasomali imefungwa kamba nyekundu. Sijawahi kujua kwamba watoto wanazijua jerikani kwa majina. Halafu nyumba zetu mbili, na paa la turubai lenye mawe juu yake ili upepo usilipeperushe. Mawe wakayahesabu, mkubwa akatoka nje kuhakikisha: kwetu kumi na moja, kwao tisa. Pikipiki ya Baba Mapasa wakaichora ingawa ilikwisha kuuzwa. Mbwa asiye na mwenyewe. Katikati kabisa ng'ombe mmoja wa Ankole, pembe zake zimetoka hadi juu ya nyumba, kubwa kuliko kila kitu, kwa sababu, akasema wa katikati, ndivyo anavyokuwa akikufukuza. Chini ziwa la kijivu. Na pande zote viganja vya yule mdogo, vyekundu, hata juu ya ziwa, hata juu ya ng'ombe. Tulijaribu kumzuia tukashindwa.

Mimi nina miaka kumi na miwili hapa. Kila siku nasema tunapita tu. Ile picha ilinionyesha sehemu ambayo nimeipita miaka yote hiyo bila kuitazama.

Kikakauka. Ndipo nilipofanya kosa. Zawadi ni za watu wawili, mapasa wawili, nikachukua mkasi wa kazini, nikapima katikati kwa futi kama fundi, nikakata moja kwa moja. Watoto walikuwa wameenda bombani. Waliporudi wakakuta ng'ombe amekatwa tumboni: kichwa na pembe upande huu, mkia na miguu ya nyuma upande ule. Kilio kilichotoka pale, majirani walikuja wakidhani kuna msiba. Nilijieleza, nikaomba msamaha. Mwishoni wa katikati akafuta pua, akasema, "Basi itabidi wakae pamoja ili ng'ombe awe mzima." Nikapinda kingo kwa mashine, nikashona pindo la juu la kupitisha kijiti, ikaisha.

Tuliwapelekea Jumapili mchana, tarehe 19 Januari. Mapasa wakagombana kidogo juu ya nani achukue kichwa. Tukatupa kura kwa mawe mawili mkononi: mvulana akapata kichwa, msichana mkia. Msichana akasema mkia ndio mzuri, kwa sababu upande wake una bomba na nyumba zote mbili. Mama Mapasa aligusa mawe ya paa kwa kidole, akayahesabu moja moja. Halafu akaingia ndani, akakaa huko.

Mnajua yaliyofuata. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilitangaza kusimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Habari ilitufikia kwa redio na kwa simu za watu, kila mmoja na maneno yake, mpaka Baba Mapasa alipopigiwa kwamba asubiri. Asubiri mpaka lini, hakuambiwa. Pikipiki imeuzwa, mbuzi wameuzwa, vitanda vilikwisha kuchukuliwa. Wiki ile walilala kwenye mikeka yetu, na tulikula chungu kimoja.

Mkubwa wangu alikuja usiku, akaniuliza kwa sauti ya chini kama zawadi wanatakiwa kuirudisha, maana ilikuwa ya kuagia. Nikamwambia zawadi hairudi. Akauliza, "Sasa itakuwa ya nini?" Nikamwambia nendeni mkawaulize wenyewe.

Walikwenda. Yule mvulana alikwisha kuning'iniza kipande chake ukutani, juu ya mkeka anapolala. Msichana alikataa kutoa cha kwake. Kipo kwenye begi, kimekunjwa katikati ya nguo zake, na begi liko tayari nyuma ya mlango.

Mpaka naandika haya bado wapo, ukuta kwa ukuta. Baba Mapasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, jioni anapeleka hesabu. Nilisema niwashonee vile vipande viwili viwe kimoja tena, mshono hautaonekana. Mvulana akakubali haraka. Msichana akasema bado.

Makopo ya rangi yalibaki kwetu, njano nyingi, nyekundu kiasi. Mapasa na wangu wa katikati wameyachukua, wanapaka ukuta wa nje wa nyumba yao, wa udongo, upande usiopigwa na mvua. Wameanza na jerikani. Maziwa wanakuja kuniomba hela ya kununulia kila Jumamosi, kikombe kimoja.

Baba Fundi, Nakivale